Msumari wa Juu ya Mlango

Kocha Rimša alikutwa asubuhi, amelala chali katika chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya mpira wa kikapu ya Briedis. Kisogo chake kilikuwa kwenye pembe ya chuma cha kupasha joto, na macho yake yalitazama dari kana kwamba anasubiri mpira uliorushwa juu ushuke. Damu ilikwisha kauka. Kofia yake ya kuvulia samaki ilikuwa kando ya mkono, na chupa yake ya chai ilisimama wima karibu na mlango, haikumwagika hata tone.

Inspekta Birutė Kalvaitienė hakuingia mara moja. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, na chumba alikitazama kama mtu anayetaka kukipangisha: kwanza sakafu, halafu kuta, halafu dari. Maiti aliiacha mwisho. Maiti, alizoea kusema, haina safari.

Nyuma yake Sajenti Povilas alikuwa akilia waziwazi, bila kujificha. Mtu mnene yule, mwenye masharubu, na mji mzima wa Šilupė ulijua kwamba harusi yake aliisogeza mbele kwa sababu ya mechi.

"Msimu mzima tunafungwa, afande," alisema. "Na sasa hili."

"Pangusa pua, Povilas. Nieleze habari ya hizi jezi."

Ukutani palikuwa na safu ya kulabu, na kwenye kulabu zilining'inia jezi za kijani, zimepigwa pasi. Jezi nyingine nne zilikuwa zimekunjwa vizuri juu ya benchi refu. Povilas akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo machozi yalivyomkauka, maana habari za Briedis zilikuwa dawa yake.

Kila mwezi wa sita, msimu ukishaisha, kocha hujifungia humo peke yake mchana. Mchezaji anayebaki, jezi yake hutundikwa kwenye kulabu yake. Anayeachwa, jezi yake hukunjwa na kuwekwa benchini. Kisha kocha hufunga mlango, huzima simu, na kwenda ziwani kuvua samaki wiki nzima, ili asiwepo wa kumbembeleza. Kesho yake wachezaji huja mmoja mmoja. Aliyekuta jezi imekunjwa huichukua, akaenda zake. Hakuna anayeuliza, si siku ile wala baadaye. Timu nyingine humwita mtu ofisini na kumpa maneno matamu. Šilupė walisema aibu ya mwanamume itoshe kuonwa na ukuta. Na mwaka huu kila mtu alikuwa na tumbo joto, kwa sababu timu iliponea chupuchupu kushuka daraja, na ilijulikana kwamba wengi watakatwa.

"Ya nahodha iko wapi?" Inspekta aliuliza.

Povilas akatazama ukuta, akatazama benchi. Kulabu ya Tautvydas Grina ilikuwa tupu, na benchini jezi yake haikuwepo.

"Imeibwa," akanong'ona, kwa sauti ya mtu aliyeona madhabahu yamevunjwa.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuja, akapima, akapima tena. Kifo kilitokea jana alasiri. Pigo lilikuwa moja tu, la kuanguka kinyumenyume. Hapakuwa na alama ya ngumi wala ya silaha. Lakini chini ya kucha za mkono wa kulia wa kocha mlikuwa na nyuzi za kijani.

Inspekta naye alikuwa amekwisha ona jambo lake. Juu ya mlango, kwa ndani, palikuwa na msumari mmoja mnene wa zamani, na uzi wa kijani umenasa kwenye kichwa chake. Chini ya msumari kilisimama kigoda cha mchuaji misuli, kimetolewa kwenye kona yake. Juu ya kigoda palikuwa na alama ya kiatu kidogo chenye udongo mweusi.

"Aliyefanya hivi ni mmojawapo wa walioachwa," Povilas alisema. "Uchungu huo, afande."

"Aliyeachwa angeitundika yake. Ya mwenzake angeitakia nini?" Inspekta akanyoosha mkono kuelekea msumari, haukufika. "Halafu niambie, timu hii ina mchezaji gani wa kuhitaji kigoda?"

Povilas alikuwa na jina tayari. Ignas Butvila, mfupi kuliko wote, na wiki iliyopita aligombana na kocha mkahawani mbele ya watu. Jezi yake ilikuwa ya pili benchini. Akaletwa kituoni, akaketi, miguu yake ikajaza nafasi yote chini ya meza.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Kwa mama yangu. Nilikula supu baridi ya bitiruti. Majirani walikuwepo, walikuja kunionea huruma kabla hata sijaachwa."

"Uligombana na Rimša."

"Kila mtu aligombana na Rimša. Alikuwa kama baba."

"Chumbani kuna kigoda. Mtu alikipanda."

Ignas akacheka kidogo, bila furaha. "Inspekta, mimi ni mfupi kwa wenzangu tu. Mumeo akisimama nami atainua shingo. Huo msumari naugusa kwa kiwiko."

"Mume wangu yuko Norwe," Inspekta alisema. "Mwaka wa saba anajenga nyumba za watu."

Kijana akasema kwa upole kwamba huenda yeye pia akaelekea huko, maana mlinzi aliyeachwa na Briedis ataokotwa na nani. Inspekta akamruhusu aende. Mchuaji misuli mwenyewe naye akaondolewa. Alikuwa amelazwa tangu Jumapili, amekatwa kidole tumbo. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo alikuwa nao kocha, alikuwa nao mkurugenzi wa klabu, ambaye siku nzima alikuwa Vilnius akiwabembeleza wafadhili, na alikuwa nao nahodha.

Nahodha alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Tautvydas Grina aliinama kupita mlangoni, akakaa, akanyoosha goti lake bovu. Mikononi alikuwa na vanishi. Alasiri yote ya jana alikuwa kwa fundi wa mitumbwi, wakipaka mtumbwi pamoja, na fundi alikwisha thibitisha.

"Jezi yako haipo," Inspekta alisema.

"Nimesikia."

"Ilitundikwa au ilikunjwa?"

"Ilitundikwa. Lakini si kwenye kulabu yangu."

Akaeleza taratibu, akitazama mikono yake. Ule msumari wa juu ya mlango ni wa mtu anayeaga mwenyewe, kabla hajaambiwa aondoke. Jezi yake hukaa pale kiangazi chote, wenzake wakipita chini yake, halafu hupandishwa kwenye dari la ukumbi. Mara ya mwisho ulitumika Rimša mwenyewe alipoacha kucheza. Timu inayofungwa haina mtu wa kutoka kwa heshima. Mmoja huachwa, mwingine hutoroka. Vijana wengi walidhani ni msumari wa saa ya ukutani.

Siku chache zilizopita alimwendea kocha, akamwambia basi, anaacha kucheza. Kocha alikuwa na nia ya kumbakiza, maana bila yeye hata vijana wasingejua pa kukimbilia. Wakalia wote wawili, wazee wazima.

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna."

"Mkeo?"

"Yeye hasa nilimficha." Akapitisha kiganja usoni. "Inspekta, nilimwambia 'msimu huu ndio wa mwisho' tulipokuwa Ugiriki. Nikamwambia tulipokuwa Polandi. Nikamwambia tuliporudi hapa, mwaka jana, na mwaka juzi. Maneno yangu kwake yamechakaa. Safari hii nilitaka jambo litendeke kwanza, ndipo niseme. Nilimwomba kocha afunge mdomo mpaka sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tuwashe moto kando ya ziwa, nimwambie pale."

Birutė Kalvaitienė alizungusha kalamu yake mezani. Alijua maneno yaliyochakaa. Kila Pasaka aliyasikia kwenye simu, pamoja na ngurumo za mashine za Norwe.

"Ufunguo wako wa chumba uko wapi?"

"Nyumbani. Jikoni, karibu na jiko, umetun..." Akakatisha. Hakuwa mjinga. "Ramunė ni mtu mpole," alisema. "Hata nyuki hawamuumi."

"Ana urefu gani?"

Aliinua mkono polepole, akauweka kifuani mwake, pale namba ya jezi inapokaa.

Nyumba ya akina Grina ilikuwa kando ya ziwa, ya mbao, na upande mmoja haukuwa umepakwa rangi. Inspekta alimwacha nahodha garini na Povilas, akazunguka nyuma. Hakuhitaji kupekua. Jezi ya kijani ilikuwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, kati ya shuka mbili, inapepea.

Ramunė alitoka kwenye banda la nailoni la matango, udongo mweusi umemshika mpaka viwikoni. Alimwona Inspekta, akaiona na jezi, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Umeifua," Inspekta alisema.

"Ilikunjamana, dada. Na miaka yote hii sijaweza kuiacha ikiwa chafu."

Wakaketi kwenye kizingiti cha banda. Inspekta akamsomea haki zake, naye akasikiliza kwa adabu, kisha akasema hataki wakili, anataka kusema.

"Nilikwenda kutazama tu. Niliomba Mungu niikute benchini. Mke gani huomba mumewe aachwe? Nikaingia, benchini haipo. Kwenye kulabu yake haipo. Nikageuka, nikaiona juu ya mlango, juu ya zote. Nikajua hawajambakiza tu, wamempandisha. Miaka mingine tena."

"Ukavuta kigoda."

"Nilitaka kuikunja, basi. Niiweke na za walioachwa. Asubuhi angeikuta, asingeuliza, maana hawaulizi. Angeona haya siku mbili tatu, halafu angekuwa wangu."

Toka kwenye gari kilisikika kikohozi cha Povilas.

Kocha alirudi kwa sababu alisahau chupa yake ya chai. Alimkuta ameishika jezi kifuani. Akaishika upande wa pili, akimwambia airudishe, hajui anachofanya. Ramunė akamwambia anajua sana. Alimwambia habari ya kila Krismasi aliyokula na kiti kitupu, na mtoto aliyemzika peke yake Ugiriki kwa sababu siku ile kulikuwa na mechi ya ugenini.

"Na yeye?" Inspekta aliuliza.

"Alicheka. Alinitazama vizuri, kwa upole hivi, halafu akacheka. Akasema, 'Vumilia kidogo tu, mama.' Kidogo tu! Nilimsukuma kwa mikono yote miwili. Benchi lilikuwa nyuma ya miguu yake."

Alidhani amezimia. Baadaye akajua sivyo, na akakimbia, jezi bado mkononi.

Watu wengi walikuwa wamekiri kwa Inspekta Birutė, na wengi aliwapeleka garini bila neno la ziada. Angeweza kumpeleka huyu pia hivyo hivyo. Mahakamani angeambiwa ukweli na mwendesha mashtaka, kwa sauti kavu, mbele ya watu. Akaona afadhali asikie hapa, penye harufu ya majani ya matango.

"Mdogo wangu," alisema, "ule msumari si wa kupandishwa."

Akamweleza. Alimweleza yote, mpaka moto wa Mtakatifu Yohana, na kwa nini kocha alicheka.

Ramunė hakulia. Aliendelea kutazama ziwa, midomo ikitembea bila sauti, kama mtu anayehesabu misimu akakuta hesabu imekwisha. Alipouliza, aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo jana yeye alikwisha rudi nyumbani?"

"Alikwisha rudi."

Tautvydas alishuka garini bila ruhusa, na Povilas hakumzuia. Alikuja akichechemea, akasimama mbele ya mkewe, mrefu, hana la kufanya na mikono yake. Ramunė alinawa udongo kwenye ndoo, akajipangusa kwa aproni, akaivua, akampa.

"Sasa utaningoja wewe," alisema.

"Nitakungoja."

"Hujui kungoja. Hujapata kungoja kitu." Akamtengenezea kola ya shati. "Matango yamwagilie jioni, usiyamwagilie jua likiwa kali. Maji ya pipa, si ya bomba, ya bomba ni baridi mno."

"Jioni," mumewe akarudia, ameinama kumsikia, kama walivyoinama wote kwa Rimša dakika za mwisho za mechi. "Ya pipa."

"Banda ulifunge usiku. Na shuka hizo uzitoe kabla ya umande."

"Nitazitoa. Zinakaa wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole dirisha la chumba chao, akaanza kumweleza kabati lipi na rafu ipi. Inspekta Birutė alikwenda akafungua mlango wa nyuma wa gari, akauacha wazi, akasubiri wamalize.