Ufunguo Uko kwa Waya

"Vitu vyako havijapotea, dada," fundi alisema, akiigeuza kompyuta ili mchoraji aone kioo. "Vyote vimo humu. Ila vimefungwa, na ufunguo mimi sina."

Mchoraji aliinama juu ya kaunta iliyojaa skrubu. Kioo kilikuwa cha buluu, na katikati kulikuwa na nafasi tupu iliyosubiri tarakimu. Jana yake kompyuta ilizimika katikati ya kujisasisha, na ilipowaka haikumtambua tena mwenyewe. Fundi alikuwa ameshamweleza kwamba mfumo umeharibika, lakini huo ataweza kuuweka upya siku hiyohiyo. Shida ilikuwa diski. Aliyeiandikisha mashine siku ya kwanza ndiye aliyeifunga, na ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yake. Bila huo, iliyobaki ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

"Tumekuja kutafuta kitabu alichokichora humo, wewe unataka kutufutia kila kitu," alisema wifi yake, aliyeegemea mlango na taulo la saluni begani. Saluni yake ilikuwa mlango wa pili, na wateja wawili alikuwa amewaacha chini ya mashine za kukaushia nywele. Akamgeukia mchoraji. "Nani aliiandikisha?"

"Kaka yako."

"Basi tumekwama," wifi akasema.

Kaka yake huyo watu walimwita Waya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutandaza nyaya za mtandao maofisini. Kompyuta ile alimnunulia mkewe walipooana, akaiandaa kwa mikono yake mwenyewe. Lakini tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akilala kwa rafiki yake, na aliyemtoa nyumbani ni mchoraji.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kampuni ya vitabu vya watoto ya mji mwingine ilimwandikia mchoraji ikimtaka kwa kazi ya kudumu. Waya ndiye aliyeuona ujumbe kwanza, siku alipokuwa akiisafisha ile kompyuta. Akajibu kwa jina la mkewe kwamba hapana, asanteni, nafasi hana. Mchoraji alikuja kujua pale kampuni ilipompigia simu kuuliza kama amebadili nia. Hakupiga kelele. Alimpangia mumewe nguo kwenye begi, akafunga zipu vizuri, akamwambia aende akafikiri.

Baada ya hapo aliwaeleza wenye kampuni ukweli bila kuupamba. Wakampa nafasi ya pili: achore kitabu kizima, akilete mwenyewe Jumatatu, waamue. Alikichora chote pale kwenye kompyuta, na nakala nyingine hakuweka. Leo ilikuwa Ijumaa.

Wifi alitaka kupiga yeye hiyo simu, amtie kaka yake adabu. Mchoraji akakataa.

"Ni kaka yako, lakini ni mume wangu. Nitaongea naye mwenyewe."

Alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akapiga. Simu ilipokelewa mara moja.

"Kompyuta imekufa mfumo," alisema. "Inadai ufunguo wa diski. Unao wewe."

"Kuna nini ndani?" Waya aliuliza.

Angeweza kusema picha za harusi yao, maana nazo zilikuwemo. Hakuona sababu ya kujificha nyuma ya picha hizo.

"Kitabu cha wale watu. Nakipeleka Jumatatu. Wakikipenda, nahama."

Upande wa pili kulikuwa na ngurumo ya drili. Ikanyamaza.

"Nakutumia sasa hivi," Waya akasema, akakata.

Rafiki aliyemhifadhi walikuwa wakifanya kazi pamoja, na yote aliyasikia. Akamwambia Mungu ampe nini tena. Amtake mkewe amrudishe nyumbani kwanza, ufunguo ufuate. Mchoraji alikuja kuhadithiwa haya baadaye, na rafiki huyohuyo, pamoja na jibu alilopewa.

"Nilishamwibia kazi yake mara moja," Waya alisema. "Sasa nimuuzie?"

Ujumbe uliingia ukiwa na tarakimu tupu, bila salamu wala sharti. Fundi akaziandika moja moja huku wifi akimsomea. Kompyuta ikakataa.

"Ametuchezea," wifi alisema.

"Hapana," mchoraji akasema, akapiga tena.

Safari hii waliongea kama watu wa kazi. Waya alimwomba amsomee herufi za utambulisho zilizokuwa juu ya kioo. Akazisikiliza, akasema ni kosa lake, ametuma ufunguo wa diski ya zamani, ile waliyoibadilisha mwaka jana. Akabaki hewani akiutafuta mwingine, akautuma, akangoja. Fundi alipomaliza kuandika, buluu ikaondoka.

Waliacha mashine ikiwekewa mfumo mpya, wifi akarudi kwa wateja wake. Waliporejea mchana fundi alikuwa anajikuna kichwa. Diski ilikuwa wazi, lakini folda ya kitabu bado iligoma: huna ruhusa. Akaeleza kwamba kwa mfumo mpya, mwenye folda ni mtu wa zamani, hata kama jina ni lilelile. Dawa yake ni kubadilisha umiliki. Ila aliona jambo: mkuu wa mashine hii siku zote alikuwa Waya, na mchoraji aliandikwa kama mtumiaji tu.

Mchoraji hakuwa akilijua hilo. Alikuwa bado analitafakari pale simu yake ilipotetemeka.

*Ukishafungua, badilisha ufunguo. Uweke kwenye akaunti yako peke yako, mimi usinionyeshe. Na jina langu litoe kwenye mashine. Nilipaswa kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.*

Aliusoma mara mbili, akampa wifi naye asome.

"Niandike nani mwenye mali?" fundi aliuliza.

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Folda ikafunguka. Kurasa zilijitokeza moja baada ya nyingine: kuku mwoga wa mvua, mwavuli wake mkubwa kuliko banda, majirani zake wanaomcheka. Wifi alimwangalia yule kuku kwa muda, akasema anamfahamu, ni mteja wake. Mchoraji akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Kesho yake alimwita Waya nyumbani. Alikuja akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni, mikono magotini. Akasema hakuja kuomba kurudi, amekuja kusema kwamba alikosea na kwamba anaomba radhi.

"Kwa nini hukuniuliza?" mchoraji alisema.

"Niliogopa utasema unakwenda."

"Ningesema tunakwenda. Kwani huko ofisi hazina mtandao?"

Waya alifunika uso kwa viganja. Jambo hilo dogo, alisema, halikumjia akilini hata siku moja. Alichokiona ni mke anaondoka, basi. Mchoraji akampa chai, akamwambia Jumatatu anasafiri, akirudi atakuwa na jibu la kampuni na la kwake pia.

Jumatatu wenye kampuni walikigeuza kitabu ukurasa kwa ukurasa, na mhariri mkuu, mama wa makamo asiyependa kucheka, akacheka kwa sauti. Mchoraji alipotoka alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi za jengo.

"Wamenichukua," alisema. "Naanza mwezi ujao."

"Hongera, mke wangu. Unastahili."

"Wananipa nyumba ya vyumba viwili. Nakuuliza, utakuja?"

"Nitakuja."

"Usijibu haraka. Fikiri kwanza."

"Nimefikiri mwaka mzima huu. Nitakuja."

Siku ya kuhama, wifi alifunga saluni akaja kufungasha vyombo. Alilia kuliko wote, akilalamika kwamba amempoteza kaka na wifi kwa mkupuo mmoja, sasa atagombana na nani. Waya alimwahidi kwamba wakati wa likizo atakuja kumchukua awatembelee. Mchoraji alipanda mbele kando ya dereva, akamsogezea mumewe nafasi, akaushika mkono wake mbele ya majirani wote. Gari lilipokata kona, alikuwa bado ameushika.