Shingo ya Elvan

Kwenye picha ya kwanza ya siku ile, mbele ya msikiti wa minara sita, Elvan alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto na kukunja vidole, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mwenzake. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Mama yake, Sevgül, aliyekuwa mtembezaji wa wageni kwenye basi lile la ghorofa, aliitazama, akacheka, akaendelea na kazi. Alikuwa na wastaafu arobaini kutoka mji wa Konya, na mstaafu wa Konya ukishampa simu yenye kamera huna habari naye tena. Yeye ni kupiga tu: msikiti, paka, muuza mahindi, paka tena.

Elvan alikuwa na miaka sita na shule zilikuwa zimefungwa, ndiyo maana alikuwemo. Bibi yake alikuwa akiuza chai kwenye kituo basi lilipoanzia safari, na asubuhi alitaka kumwaga maji nyuma ya basi, kama Istanbul wanavyomfanyia anayesafiri, ili aende kama maji na arudi kama maji. Jagi lilikuwa tupu. Mkononi alikuwa na birika lililotoka kuchemka.

"Mwaga hilohilo, mama, tumechelewa!" Sevgül alimpigia kelele kutoka juu.

Bibi akamwaga. Maji ya moto, kwenye tundu la mtaro, bila hata bismillahi. Pale mjini hata mlevi hafanyi hivyo, maana mitaroni ndimo majini wanamokaa na watoto wao, lakini haraka ni haraka.

Baada ya kituo cha pili, kule makaburini Eyüp, harufu ilianza. Ilikuwa harufu ya nywele zinazoungua, kama kichwa cha kondoo kinapobabuliwa.

"Nani anaunguza nywele huku?" akauliza mzee mmoja. "Mke wangu, si wewe? Hizo rangi unazopaka!"

Watu wakacheka. Kisha Hüsnü, dereva, akasema kupitia kipaza sauti, kwa sauti ya chini, "Dada Sevgül, huyo mtoto anayelia huko juu ana nini?"

"Hakuna mtoto anayelia, kaka."

"Mbona namsikia kwenye kipaza sauti chako?"

Sevgül akakizima. Alipogeuka alimkuta Elvan akinong'ona na kiti kitupu.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na huyu. Ameungua." Mtoto akajikuna. "Mama, shingo inawasha."

Shingo ilikuwa nyekundu. Sevgül akafungua simu yake. Kwenye picha ya Eyüp, kando ya Elvan alisimama msichana wa kimo chake, ngozi imembabuka kutoka kisogoni mpaka mabegani, na nyuma yao alisimama mwanamke mrefu kiasi kwamba kichwa chake kilikatwa na ukingo wa picha. Kwenye picha iliyofuata, ya mnara wa Galata, msichana yule alikuwa amepona nusu, na shingo ya Elvan ilikuwa imeanza kuvimba.

"Mama yake anasema kila picha inamponya," alisema Elvan, kwa utulivu uliomtisha Sevgül kuliko kilio. "Anasema mkituona tumefanana, tutabadilishana."

Sevgül akainua kichwa. Basi lilikuwa limekwama kwenye foleni ya daraja la Galata, wavuvi kulia, wavuvi kushoto, na simu arobaini zimeinuliwa.

"Msipige! Jamani, msipige picha!"

"Tumekuja kufanya nini sasa?" alinung'unika yule mzee.

Alimfunika Elvan kwa koti lake, akamlaza kifuani, lakini simu zikaanza kujipiga zenyewe, ndani ya mikoba, mifukoni mwa makoti, chini ya viti, kacha, kacha, kacha, na kila moja ilipolia mtoto alijikunja chini ya koti na harufu ile ikazidi mpaka watu wakaziba pua, na wale waliokuwa wakicheka sasa walikuwa wakisoma dua kwa midomo isiyotoa sauti.

Bi Naciye, ambaye kwao Konya watu humpelekea watoto waliopatwa na majini, wale wasiotajwa, alisogea akapiga magoti.

"Binti yangu, nani aliyemwaga maji ya moto?"

"Mimi ndiye niliyesema yamwagwe."

"Basi deni la kuungua ni lako. Omba radhi kwa sauti, kisha jipige picha mwenyewe, jeraha likuhamie wewe. Lakini uwe peke yako. Mtoto akionekana, umekubali wabadilishane. Nipe huyo mtoto."

Sevgül akampa. Akasimama, akageuza simu ielekee usoni pake. "Nisamehe, mama mwenzangu. Sikuona. Nichome mimi."

"Mama!" Elvan akapiga ukelele ambao Sevgül hakuwahi kuusikia tangu amzae. "Mama, naungua! Nishike!"

"Usimguse!" Bi Naciye alifoka. "Piga kwanza!"

Mtoto akajinyofoa na kumrukia mama yake shingoni, na Sevgül, Mungu amsamehe, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa kimeshagusa kitufe cha kamera.

Kukawa kimya. Harufu ikakatika. Foleni ikaachia na basi likaanza kwenda. Sevgül akafunua kola ya mtoto: shingo ilikuwa safi, laini, ya baridi. Akaibusu, akalia kwa furaha, na wastaafu wote wakalia naye.

Bi Naciye peke yake hakulia. "Angalia picha," alisema.

Kwenye picha Sevgül alikuwa amekumbatia hewa. Nyuma yake, kwenye ngazi ya kushukia, mwanamke mrefu alikuwa akiondoka na mtoto mwenye nguo za Elvan, na mtoto huyo alikuwa amegeuka kumtazama Sevgül, kinywa wazi, shingo imebabuka yote.

Mikono midogo ikambana Sevgül kwa nguvu.

"Asante, mama," sauti ya Elvan ikamnong'oneza sikioni. "Sasa haiumi."