Makala ya Nyuki na Jarida la Haraka

Kidoti alikuwa akibandika mabawa ya nyuki kwenye kadi, moja baada ya jingine, huku mama yake akiyapiga picha. Mwanga wa taa ulipenya kwenye mabawa, ukatupa vivuli vyepesi ukutani, vikawa kama madirisha ya mji wa mbali.

Mama alikuwa mtafiti. Nyuki wa wafugaji wengi walikuwa wakikunjamana mabawa na kufa, na makala yake ilieleza namna ya kuwakinga. Akilini, Kidoti aliiona makala hiyo ikiruka polepole juu ya mapaa, ikitua kwenye kila mzinga.

"Kwani lazima tusubiri miezi?" aliuliza.

"Jarida zuri huwapa wataalamu waikague kwanza," Mama alijibu, kisha akaenda kuoga.

Hapo ujumbe ukaingia kwenye kompyuta: "Mheshimiwa Profesa, tuma makala yako. Tutaichapisha wiki hii. Dunia nzima itaisoma bure!"

Moyo wa Kidoti ulijaa furaha. Akaituma.

Shangazi yake, mkutubi wa chuo, aliporudi kutoka kazini alimkuta akitabasamu peke yake. Kidoti akamweleza kila kitu. Shangazi akasoma ule ujumbe, akacheka, akamgeukia Mama aliyekuwa akitoka kuoga.

"Wifi! Umekuwa profesa kimyakimya?" Kisha kicheko kikakatika. "Hawa hawakagui chochote. Wakishaichapisha, jarida la maana halitaipokea tena."

Mama akaketi, taulo begani. "Kazi yangu yote?"

"Nisamehe, Mama," Kidoti alinong'ona.

"Umesema mapema," Mama alimjibu. "Tuwahi."

Wakaandika kuomba makala iondolewe. Wakangoja. Jibu likaja: imeondolewa, ila wakibadili nia watapunguziwa ada ya kuchapisha.

"Utadhani wanauza viatu," Shangazi aliguna.

"Kwa hiyo majarida yanayotoza ni ya matapeli?" Kidoti aliuliza.

"Hapana. Kuchapisha kuna gharama. Mengine humtoza msomaji, na asiye na hela hubaki nje. Mengine humtoza mwandishi au taasisi yake, ili wote wasome bure. Mengine hugharamiwa na chuo, hakuna anayetozwa. Ada si kosa. Kosa ni kudai kazi imekaguliwa wakati hakuna aliyeigusa."

Mama akamvuta Kidoti karibu. "Nami nataka isomwe bure, mwanangu. Lakini nikiwa nimekosea, mfugaji atakayenifuata ndiye atakayepoteza nyuki. Kwa hiyo ukweli kwanza, haraka baadaye. Waache waniulize maswali."

"Maswali gani?"

"Yoyote."

Kidoti akafikiri, macho mazito kwa usingizi. "Ile mizinga uliyoikinga ikapona... si labda ilikuwa karibu na maua mengi tu?"

Shangazi akageukia dirishani kuficha cheko.

"Hilo sikulipima," Mama alisema taratibu, akizima kompyuta. "Kesho tutaanzia hapo."