Jembe Kwenye Picha

Kila asubuhi Rukia alishuka bondeni na ndoo yake, na kila asubuhi ilimbidi apite kando ya kabichi za Mzee Mansuri. Zilikuwa zimenona kwelikweli, zikisubiri lori la Fuso la wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Za baba yake, hatua chache tu kuelekea chini, zilikuwa zimesinyaa na kuwa manjano. Rukia alitazama huku, akatazama kule, akasonya kwa nguvu, ndipo akaendelea na safari.

Kabichi zile za baba ndizo zingemlipia ada ya sekondari mwakani. Alipokwenda kwa bibi yake, kijijini Mponde, wakati wa likizo, aliziacha kijani. Aliporudi alikuta zimekauka, na Rajabu, mtoto wa Mzee Mansuri, akampokea kwa mdomo wake usio na breki.

"Rukia, kabichi zenu hata mbuzi wanazikataa!"

Darasa la saba zima liliangua kicheko. Jioni Rukia alimuuliza baba yake, Mzee Sheshe, ni nani aliyewanyima maji. Baba, mtu wa maneno machache, alijibu tu, "Mambo ya mfereji ni ya watu wazima, mwanangu."

Basi binti akajijibu mwenyewe. Shamba la Mansuri liko juu, lao liko chini, na mfereji ni mmoja. Kuna jibu gani tena la kutafuta? Akaapa kwamba watu wale watalipa, tena mbele za watu.

Nafasi ikajileta yenyewe. Mwalimu Dorkasi, aliyehamia kutoka Tanga, aliwataka wanafunzi wamsaidie kuandaa somo la Maarifa ya Jamii kwa kutumia intaneti. Jamani, shule ile haikuwahi kuona jambo kama hilo! Kundi la Rukia lilipewa mada ya mifereji ya milimani. Slaidi zao zingeonyeshwa siku ya wazazi, kwa projekta ya kuazima.

"Kila picha mtakayoichukua, ulizeni nani kaipiga, lini, na kuna nini ndani yake," alionya Mwalimu. "Tovuti haitawajibu kila kitu. Waulizeni na wazee wenu."

Katika chumba cha intaneti mjini Lushoto, Rukia alikuta tovuti ya watalii waliotembelea bonde lao. Picha moja ilifunguka taratibu, kipande kwa kipande, kutoka juu. Ulianza mlima, ikafuata kofia, kisha uso. Alikuwa Mzee Mansuri, kainama penye mgawanyo wa maji, anafungua mfereji kwa mikono yake.

"Nimekukamata!" alisema Rukia kwa furaha.

Hakuuliza nani, wala lini. Alimwonyesha Mwalimu slaidi nyingine zote, hii akaificha kwenye disketi yake. Siku ya wazazi, kabla watu hawajaketi, aliichomeka mwishoni. Chini ya picha aliandika kwa herufi kubwa: MWIZI WA MAJI.

Slaidi za mwanzo zilipigiwa makofi. Ilipotokea ile ya mwisho, baadhi ya watu ukumbini walicheka chinichini. Mzee Mansuri alivua kofia yake akaishika mapajani. Rajabu aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka. Rukia alimtazama, akaona raha, raha hasa. Cheka sasa, Rajabu! Zungumzia mbuzi!

"Mwalimu, usiiondoe picha hiyo," ilisikika sauti kutoka nyuma. Alikuwa Mzee Sheshe, amesimama. "Rukia, jembe lile lililochomekwa ukingoni ni la nani?"

Rukia akageuka kutazama. Mpini wa jembe ulikuwa umefungwa utepe mwekundu wa mpira. Aliufunga yeye mwenyewe, mpini ulipopasuka.

Hapana mtu bondeni asiyejua desturi ile. Mgonjwa au msafiri asiyeweza kwenda zamu yake ya maji humpelekea jirani jembe lake. Jirani hulichomeka ukingoni anapomfungulia maji, ili wapitao wajue zamu ni ya nani.

"Ulipokuwa kwa bibi yako, nilikuwa hoi kwa homa," alisema Mzee Sheshe. "Mansuri alinifungulia maji zamu zote. Fuko ndio waliotoboa mfereji ndani ya shamba letu, maji yakapotelea ardhini."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Uliniuliza nani katunyima maji. Hakuna aliyetunyima. Lakini nami nilikosea kukunyamazia."

Rukia alikwenda kupiga magoti mbele ya Mzee Mansuri. "Shikamoo, mzee. Nimekuvunjia heshima. Naomba unisamehe."

Mzee aliitikia: "Marahaba. Umenidhalilisha mbele ya mtoto wangu, na imeniuma, sikufichi. Kesho tuna msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kuziba mashimo ya fuko. Njoo na jembe hilohilo. Na wewe Rajabu, mwenye mdomo, utachimba karibu naye."

Walichimba pamoja mpaka viganja vikawaka moto. Rajabu aliomba radhi kwa maneno ya mbuzi, akiwa amekodolea macho tope. Jumatatu Rukia alifuta maneno yake kwenye slaidi mbele ya darasa, akaandika: Jirani akimfungulia maji mgonjwa.

"Hasira hasara," alisema Mwalimu Dorkasi. "Ulitafuta mwizi, ukauona uso tu, jembe hukuliona. Kabla ya kumshtaki mtu, uliza kwanza."

Wiki chache baadaye Rajabu alibisha hodi kwa kina Rukia, mkononi ana jembe la baba yake.

"Baba kaenda Tanga," alisema. "Kasema zamu yake umfungulie wewe."

Rukia alisita kulipokea. Mzee Sheshe akamsukuma begani taratibu.

"Mtu akikuamini tena baada ya kumkosea, usimwangushe," alisema. "Lichukue, mwanangu. Na ulichomeke mahali kila mtu ataliona."