Picha ya Chini ya Barafu

Ijumaa ile mimi na mume wangu Josipi tulikaa sakafuni tukila samaki mbichi aliyeganda, kila mtu na kisu chake. Josipi alikuwa ameshafunga mizigo kwenye sleji, gari letu la kuteleza juu ya barafu. Kesho yake alitaka kuvuka mlangobahari kwenda kuwinda sili, kama kawaida yake.

Akaingia Siasi, mtoto wa mdogo wangu. Siasi anafanya kazi na watafiti wanaopima barafu ya bahari.

"Mama mkubwa, baba mkubwa, leo saa kumi kuna filamu ukumbini. Njooni."

Josipi hata hakuinua macho. "Filamu tena? Walikuja wageni na kamera zao, wakapiga picha damu ya sili. Dunia nzima ikatuona wauaji. Ngozi zetu zikakosa wanunuzi. Nenda kawaonyeshe mbwa."

"Hii nimepiga mwenyewe."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Wewe hata chai inakushinda."

Siasi akacheka. Akasema kutakuwa na supu ya kulungu wa theluji. Josipi akaanza kutafuta koti lake. Namjua mume wangu, kwa supu humzuii.

Ukumbini taa zikazimwa. Siasi alikuwa ametoboa barafu, akashusha kamera majini. Maisha yangu yote natembea juu ya barafu, sikuwahi kuiona kwa chini. Ilikuwa imeliwa, ina mashimo kama mkate. Kisha kamera ikapanda juu. Kwenye theluji palikuwa na alama za sleji, na pembeni mstari mwembamba wa ziada. Chuma kimoja cha chini ya sleji yetu kina ufa.

"Hizo ni alama zangu," Josipi alisema.

Kwenye picha, Siasi akaweka rula. Unene wa barafu ulikuwa vidole vinne tu. Hiyo si ya kubeba sleji yenye mizigo.

"Haiwezekani," Josipi akasema. "Baridi ilipoanza niliipiga hapo kwa chusa mara tatu. Haikutoboka."

Kwetu ndivyo tunavyofanya. Wa kwanza kupita hupiga barafu kwa chusa, wengine hufuata alama zake.

"Ulipima vizuri, baba mkubwa," Siasi alisema. "Lakini mkondo wa maji umebadilika. Unaila barafu kwa chini. Na juu theluji imekuwa nzito, ni kama blanketi. Baridi haipenyi kuigandisha tena. Ukitazama kwa juu huoni tofauti. Alama za jana hazitoshi. Lazima upime upya kila safari."

"Picha hii ulipiga lini?" nikauliza.

"Jumanne."

"Leo Ijumaa. Siku tatu umekaa nayo?"

"Tulikuwa tunaitengeneza, mama mkubwa. Tunaweka muziki."

"Muziki? Siasi, jana tumepita hapo. Mimi na yeye."

Siasi akafunika uso, akalia. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira.

Josipi ndiye aliyeinuka. Redio ya kijiji iko chumba cha pili, jengo hilohilo. Akaingia, akaomba kipaza sauti.

"Mimi Josipi. Msifuate alama zangu za kuvuka mlangobahari. Zungukeni kaskazini, na kila mtu apige barafu kwa chusa yake mwenyewe."

Supu hakuigusa. Tulirudi nyumbani, akafungua mizigo yote.

Tangu siku ile, vipimo vinasomwa redioni siku ileile vinapochukuliwa. Filamu inakuja baadaye, na muziki wake. Josipi na Siasi wanakwenda kupima pamoja, huyu na chusa, yule na kamera. Wanabishana njia nzima.

Jumatatu iliyofuata ile filamu, watu waliita kutoka ufukoni. Tulitoka mbio. Barafu ya njia yetu ilikuwa imepasuka. Pale tulipopita Alhamisi palikuwa na maji meusi yanayofuka mvuke.

Josipi aligeuka, akaanza kuhesabu sleji zilizoegeshwa mbele ya nyumba za kijiji, moja moja. Alipomaliza, akazihesabu tena. Zote zilikuwepo.