Aliiba Insha Yangu, Kisha Akajitolea Kumtafsiria Mama

"Mwizi ni huyu hapa!"

Ornela alininyooshea kidole, na ukucha wake mwekundu nilikuwa nimeupaka rangi mimi mwenyewe!

Shosti wangu. Tumekua jengo moja hapa Korçë, Albania, mlango kwa mlango. Mtu niliyekula naye sinia moja tangu hatujaota meno ya mbele!

Mbele yetu kulikuwa na skrini, na ndani yake Profesa Kerr wa chuo kimoja cha Uskochi, tulikoomba sote nafasi ya mwaka wa maandalizi kabla ya kuingia chuo kikuu. Pembeni yake kakaa bwana mmoja mwenye ndevu, anaandika tu.

Insha mbili zilikuwa zimewafikia. Jina langu, jina lake. Ndani, neno kwa neno, zimefanana kama mayai!

Atakayebainika kanakili, jina linafutwa. Haombi tena pale maisha yake yote.

Jamani, ile insha niliiandika mimi! Niliandika kuhusu matufaha ya Devoll, upande wa kwao mama, yanavyooza mitini kwa sababu vijana wote wamekimbilia Ugiriki. Nililia nikiiandika. Kamusi ilikaribia kuchanika mikononi.

Na Ornela? Devoll huwa anaipita kwa gari, vioo juu!

Lakini yeye kasoma shule ya kulipia. Ung'eng'e unamteleza kama mafuta ya zeituni.

"Profesa, inaniuma sana kumsema rafiki yangu," akasema, na machozi akayavuta hapohapo. "Alikuwa anahangaika na lugha. Nilimwonea huruma, nikamwonyesha insha yangu. Sikujua angeniibia."

Nikafungua mdomo nimchane.

Yakatoka haya:

"Mimi... hapana. Mimi kuandika. Yeye... yeye kuja... yeye..."

Maneno yakagoma! Kichwani nilikuwa na hotuba ya kumvua nguo mtu hadharani. Mdomoni nikabaki kama mtoto anayejifunza kuongea.

Nikamwona bwana wa ndevu akimtazama mwenzake. Mtazamo ule naujua. Ni ule wa kusema, *huyu ndiye aandike insha ile?*

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakaziba.

Profesa Kerr akauliza taratibu, "Entela, kama uliiandika wewe, ilimfikiaje Ornela?"

"Mimi kujua hapana," nikasema.

Na kweli sikujua! Sikuwahi kumpa.

Nyuma yangu alikuwa amekaa mama yangu, Liri, mkoba mapajani, kajifunga kitambaa chake cha harusini. Kwetu binti haendi peke yake mbele ya watu wazima wanaomhoji, hata kama watu wenyewe wako ndani ya kioo. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji.

Akanigusa bega. "Wanasemaje, roho ya mama?"

"Wanauliza Ornela aliipataje insha yangu."

Mama akashangaa. "Sasa hilo nalo la kuuliza? Si nilimpa mimi!"

Wewe unayesoma hapo, kaa chini kwanza.

MAMA YANGU!

"Ulimpa... wewe?"

"Alikuja ukiwa darasani. Kasema kompyuta yake imekufa, anataka kuona tu ulivyopanga. Nikamfungulia yako, akanakili kwenye flashi. Nikamkatia na lakror, ile pai yetu ya vitunguu, akala vipande viwili. Kwani kuna nini?"

Nikageuka kumtazama Ornela. Uso umempauka kama unga. Lakini kwa nukta moja tu!

"Huyo mama anasema nini?" Profesa akauliza.

Nilikuwa bado natafuta neno la kwanza, shosti kashaniwahi.

"Naomba nimsaidie kutafsiri, Profesa. Mwenzangu mnaona wenyewe lugha inamtesa." Akamnyooshea mama mkono. "Anasema alimwona binti yake akinakili insha yangu pale kwao. Anaona aibu. Anaomba mumsamehe mtoto."

Mnanisikia?

Kala lakror ya mama yangu, kisha kachukua na mdomo wake!

Profesa akamgeukia mama, sauti ya upole. "Ni kweli hivyo, mama?"

Ornela akainama kwa mama, tabasamu la asali, akasema kwa Kialbania, "Anti Liri, wanauliza, eti Entela ni mtoto mwenye tabia mbaya?"

"Ati nini! Mwanangu?"

Mama akapandisha kichwa juu na kukishusha, kwa nguvu, mara mbili. Sisi wa huku ndivyo tunavyokataa. Hapana ya mtu mzima, hapana ya kufunga mjadala!

Lakini wale wa kwenye kioo waliona mama mzima anakiri wizi wa bintiye.

Bwana wa ndevu akaweka kalamu chini.

Na Ornela alijua. Alijua kabisa! Aliipanga ile hapana ya mama yangu kama mtu anavyopanga karata.

Hapo ndipo nilipoacha kuogopa Kiingereza. Nilisimama hadi kiti kikaanguka.

"ACHA!" nikapiga kelele. "Yeye kusema uongo! Kichwa hivi, kwetu ni hapana! Mama kusema HAPANA! Yeye kuuliza mama swali lingine, si swali lako!"

"Profesa, amechanganyikiwa..." Ornela akaanza.

"Wewe funga mdomo!" Hilo nililisema kwa Kialbania, na lilitoka bila kukwama.

Profesa akainua mkono. "Ornela, kaa kimya. Entela, unaweza kumtafsiria mama yako?"

"Ndiyo. Vibaya. Lakini yote."

Nikamgeukia mama. "Mama, sema tena tangu mwanzo. Kila kitu. Nami nitakisema kila kitu."

Mama sasa alishaunusa moto. Akavua kitambaa, akakikunja mapajani.

"Waambie nilimpa mimi. Waambie mtoto wa jirani sikumnyima kitu tangu azaliwe, sikujua kama kuangalia ni kuiba."

Nikatafsiri. Kwa Kiingereza cha kuokoteza, neno la leo na la kesho yamepigana, lakini nikatafsiri.

Mama akaendelea, kifua mbele. "Na waambie wewe una moyo mzuri! Tangu shule ya msingi jengo zima lilinakili madaftari yako. Hata mtihani wa hesabu mwaka jana, si ulimsogezea Ornela karatasi aone? Nilijivunia! Mtoto asiye mchoyo!"

Mungu wangu.

Mama aliona ananivisha taji. Hakujua ananivisha kitanzi.

Kwetu ukimkatalia mwenzio asinakili, wewe ndiye mbaya. Watakusema mpaka sokoni. Kwa wale wa Uskochi, anayetoa karatasi na anayenakili wote ni wezi. Nilishayasoma masharti yao, nayajua.

Ornela naye aliyajua. Akaniinamia sikioni, akanong'ona kwa Kialbania:

"Haya, tafsiri na hilo. Au unaliruka, halafu nawaambia umeliruka? Tuzame wote, shosti!"

Na akacheka. Alicheka, nawaambia!

Ningeweza kuliruka. Sentensi moja tu. Nani angejua? Yeye kashaonekana mwongo, nani angemsikiliza?

Nikamtazama mama. Anangoja, uso unang'aa, asikie sifa zake kwa Kiingereza.

"Mama kusema..." Nikaigeukia skrini. "Mama kusema, mimi toka mtoto kuwapa watu daftari langu, wao kunakili. Mtihani wa hesabu pia. Mimi kumpa Ornela kuona. Ni kweli. Hii si siku ya kwanza. Insha hii, mimi kumpa hapana. Lakini hesabu, ndiyo."

Bwana wa ndevu akaichukua tena kalamu.

Ornela akaacha kucheka.

Profesa Kerr akavua miwani. "Entela, unaelewa ulichotuambia?"

"Ndiyo."

"Unaelewa kinaweza kukufuta?"

"Ndiyo. Lakini wewe kusema nitafsiri mama. Mama kusema hivyo."

Wakasema kila kilichozungumzwa kimerekodiwa, kitapelekwa kwa mtafsiri aliyeapishwa. Skrini ikazima. Mama akauliza tumeshinda au tumeshindwa. Nikamwambia nunua mkate twende nyumbani.

Simu ya Profesa ilikuja wiki iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

"Nikwambie ukweli," akasema. "Siku ile, mpaka mama yako anapandisha kichwa na kukishusha, tulishaamua ni wewe. Rafiki yako alizungumza vizuri mno. Kisha tukapata tafsiri rasmi. Yako ilikuwa na makosa ya sarufi karibu kila sentensi, na hakuna hata neno moja la mama yako uliloliacha. Hata lile lililokuumiza. Mtu wa hivyo haibi insha."

Ornela kafutwa. Mimi nimepata nafasi, pamoja na onyo kali la ile hesabu. Nimelistahili, nimelimeza.

Mnadhani imeishia hapo?

Mama yake Ornela alikuja kutubomolea mlango! "Mmeniharibia mtoto! Kunakili imekuwa dhambi lini? Nani hapa hajanakili?"

Mama yangu akasimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Kunakili nilimpa mimi, nimekosa, nimekiri," akasema. "Lakini mdomo wangu sikumpa. Huo aliuiba mwenyewe. Kamlee upya."

Akaufunga mlango.

Jengo zima sasa hawatusalimii. Eti tumemchoma mtoto wa watu. Wasitusalimie! Bado nina hasira, na sitazificha ili mtu ajisikie vizuri.

Wewe unayejiandaa kwenda kusoma kwa lugha isiyo ya mama yako, nisikilize. Watakuona mjinga kwa sababu unakwama, na watamwamini mwongo kwa sababu hakwami. Kwama hivyohivyo, lakini sema yote. Na rafiki akija kuomba kazi yako, mkalishe mezani, mfundishe mpaka aelewe, ila usimpe karatasi. Sisi tuliita kutoa karatasi moyo mzuri. Angalia ulikotufikisha.

Naondoka mwezi Septemba na Kiingereza changu kibovu.

Ni kibovu, lakini ni changu, sikukinakili kwa mtu.