Mshale Uliompandisha Mama Mkwe Ngazi

"Huyu aliyetengeneza bango hili, alikuwa anagombana na nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kidoti peke yake hakucheka, maana bango lilikuwa lake.

Ilikuwa siku ya ukuta. Pale chuoni, wanafunzi wa mawasiliano ya picha na usanifu wa kidijitali walikuwa na utaratibu wao: kila mwisho wa wiki kazi zinabandikwa ukutani bila majina, halafu kila mtu anasema anachokiona. Aliyekuwa anasema sasa hivi ni Msumari. Jina hilo walimpa mwaka wa kwanza, kwa sababu neno lake likishaingia, kulitoa ni kazi. Kijana mrefu, mpole kabisa nje ya darasa, lakini bandika kazi mbele yake uone.

"Herufi nyekundu, nyota, kivuli, halafu mstari juu ya kivuli," akaendelea. "Bango la kuniomba nichangie damu linanifanya nikimbie na damu yangu."

Wee! Watu walishika mbavu. Hata Mwalimu, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alivua miwani akafuta macho. Kidoti akainamia laptop yake akijifanya anatafuta kitu, mashavu yanamwaka moto.

Na kilichomuuma si kusemwa. Kusemwa kila mtu anasemwa. Kilichomuuma ni kwamba huyo anayesema ndiye mpenzi wake wa miaka miwili, ndiye aliyekaa naye asubuhi ile akimmenyea chungwa na kumwambia, "Nakupenda, wewe mtoto." Asubuhi mapenzi, mchana msumari!

Walipotoka akamfuata hadi kwenye korido.

"Ulijua ni langu?"

"Nilijua."

"Msumari!"

"Ulitaka nikudanganye? Kazi yako naijua hata ikichanganywa na mia."

"Kwa hiyo ulijua ni langu, na bado ukanianika mbele za watu."

"Nilisema bango. Sikukusema wewe."

"Bango ni mimi! Nililitengeneza kwa mikono yangu, nimekosa usingizi kwa ajili yake, wewe unalifanyia vichekesho!"

Msumari akakuna kichwa. Kwenye kazi za watu ana maneno, kwenye machozi hana hata moja.

"Basi nisikilize," Kidoti akasema, na safari hii hakupaza sauti. "Kuanzia leo, juu ya kazi zangu sitaki neno lako. Si zuri, si baya. Ukiweza, tuendelee. Ukishindwa, kila mtu ashike hamsini zake."

"Kidoti, usiwe hivyo..."

"Unaweza au huwezi?"

Msumari alimtazama. Akakitazama na kile kidoti cheusi cha shavuni kilichompa binti jina lake.

"Naweza."

Na akaweza kweli. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwezi uliofuata ukaja mradi wa mwisho, na Kidoti alichagua hospitali. Si kwamba alipenda harufu ya dawa. Alikaa pale siku nzima kwenye benchi akaona kitu kimoja: kila anayeingia anamuuliza mlinzi njia, na mlinzi wa watu amechoka hadi anajibu kwa kidevu. Akasema, hapa ndipo pangu. Nitatengeneza vibao, mishale na rangi, mgonjwa afike anakokwenda bila kumuuliza mtu.

Mradi huo ulibeba kila kitu. Akifaulu, anamaliza chuo, na ofisi moja ya usanifu ilishamwambia kiti chake kipo. Akichemka, anarudia mwaka mzima, na kiti kinapewa mwingine.

Siku aliyomaliza kubandika vibao alimwita Msumari aje kuona. Wakatembea pamoja kutoka mlango mkubwa. Mapokezi, sawa. Maabara, sawa. Duka la dawa, sawa. Wakafika mahali korido inapopita kando ya ngazi za kupanda ghorofani. Kliniki ya macho ilikuwa mbele, mwisho kabisa wa korido, chini hapo hapo. Ukutani, pembeni ya ngazi, Kidoti alikuwa ameweka kibao cha buluu: jicho, maneno "Kliniki ya Macho", na mshale unaoelekea juu, kwa maana ya nyoosha mbele.

Msumari akasimama. Akautazama mshale, akazitazama ngazi. Akarudi kwenye mshale.

"Vipi, mbona umeganda?"

"Hakuna kitu."

"Sema basi. Pazuri?"

Akahamisha uzito mguu hadi mguu, kama mtu anayechagua kati ya viatu viwili vinavyobana.

"Pazuri," akasema.

Kidoti alimrukia shingoni pale pale mbele ya wagonjwa. Hakuona kabisa kwamba mwenzake amekwepa macho yake. Ataonaje, na furaha ile?

Majaribio yalihitaji watu sita wasioijua hospitali ile. Watano aliwapata kirahisi. Wa sita ikawa ni mama yake Msumari, ambaye Kidoti alimfahamu kwa simu tu.

"Nije?" mama aliuliza kwenye simu, kama ameitwa kwenye harusi.

"Uje mama, lakini usimwambie mwanao. Nataka nimshtukize."

"Mdomo wangu nimeufunga. Nivae nini?"

"Vaa viatu vya kutembelea tu, mama."

"Viatu vya kutembelea siku ya kumwona mkwe! Haya, makubwa."

Siku yenyewe Mwalimu alisimama mlango mkubwa, akawapa wote agizo moja: nenda kliniki ya macho, usimuulize mtu. Akawaachia mmoja mmoja. Kidoti yeye alikuwa anasubiri mlangoni pa kliniki, amevaa gauni lake la maana.

Akafika wa kwanza. Akafika wa pili. Halafu kimya.

Kidoti akasubiri. Akatabasamu na muuguzi, akasubiri tena. Mwisho akamwona Mwalimu anakuja kwenye korido, mikono nyuma, peke yake.

"Wengine wako wapi, Mwalimu?"

"Njoo uwaone."

Wakapanda ngazi. Ghorofa ya kwanza, mtu wao mmoja anazunguka wodi ya watoto. Ghorofa ya pili, wawili wanabishana warudi au waendelee. Na juu kabisa, mbele ya mlango wa paa uliofungwa kwa kufuli, mama mnene aliyevaa vizuri amekaa kwenye ngazi, viatu mkononi, anajipepea kwa ncha ya mtandio.

Kidoti alimtambua bila kuambiwa. Pua ile ile ya Msumari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Kidoti?"

"Ndiye mimi."

"Mzuri kweli, hakunidanganya." Mama akapumua kwanza. "Sasa niambie, hapa kwenu macho wanatibia juu ya paa?"

Kidoti alitamani ardhi ipasuke, lakini ghorofani ardhi ataitoa wapi?

"Mama, kwa nini ulipanda?"

"Mshale si umeniambia juu? Magoti yalikataa kwenye ghorofa ya kwanza. Nikayaambia, haiwezekani, mkwe wangu hawezi kunipoteza. Nikajikaza."

Hilo ndilo lililomtoa Kidoti machozi. Mwalimu hakumkaripia. Alikaa naye kwenye ngazi, akasema kwa sauti ya chini:

"Kwenye skrini ya laptop mshale wa juu maana yake nyoosha. Ukiubandika kando ya ngazi, maana yake panda. Umezoea kuutazama, ndiyo maana hukuuona. Lakini wenzako? Hakuna hata mmoja aliyekwambia?"

"Hakuna."

"Ijumaa nakuja na watu wengine sita. Wakipotea, mwaka unarudia."

Mama naye akashangaa huku akivaa viatu.

"Kwani mwanangu hukumwonyesha? Yule anayeona uzi umechomoka kwenye shati la mtu aliye ng'ambo ya barabara?"

Kidoti akampa mkono wa kujishikia. Alimshusha mama taratibu, akampandisha teksi, kisha akatoa simu akaandika ujumbe.

"Ule mshale wa pale ngazini. Uliuona?"

Akaona mwenzake anaandika. Akaacha. Akaanza tena kuandika.

"Niliuona."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Simu ikaita hapo hapo. Akapokea.

"Kidoti, nisikilize..."

"Nilikuuliza. Nilisimama mbele yako nikakuuliza, ukasema pazuri."

"Ulisema nikitia neno tumeachana."

"Kwa hiyo ukaniacha nizame?"

"Niliogopa kukukosa."

"Na sasa umenipata? Ukutani ulinivua nguo mbele za watu. Hapa umeniona niko uchi, ukaniambia nimependeza. Afadhali ya ukutani, Msumari!"

Kidoti akapangusa macho kwa kiganja.

"Halafu mama yako amepanda hadi juu ya paa."

"Mama gani?"

"Una mama wangapi? Muulize magoti."

Akakata.

Siku mbili hazikuwa na salamu wala ujumbe. Kidoti alirudi hospitali peke yake na laptop yake, akautoa ule mshale. Sawa, huo ameuona, ameonyeshwa. Je, mingine? Alitembea korido ile kwenda na kurudi hadi mlinzi akaanza kumhurumia, na kila kibao alikiona kizuri. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Ule mshale nao aliuona mzuri vile vile.

Akakaa kwenye benchi. Hasira na Msumari alikuwa nayo, tena nyingi, na alikuwa na haki nayo. Lakini na yeye alijijua. Darasa zima lilikuwa na macho, ila mdomo usiomwogopa ulikuwa mmoja tu, na huo ndio alioufunga kwa mkono wake. Na alikuwa na hamu naye. Hamu ilimshika hadi akawa anajishika shavu bila sababu.

Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nje ya hospitali, hapo getini."

"Unafanya nini?"

"Nimemleta mama kwa daktari wa magoti."

Kidoti akafunga mdomo kwa kiganja. Kicheko kilimtoka kupitia puani.

"Unacheka?"

"Sicheki. Njoo ndani."

"Nije kama mpenzi, au kama Msumari?"

"Kama Msumari. Mpenzi bado nina hasira naye."

Alimwacha mama kwa daktari, akaja na shati lisilopigwa pasi, macho mekundu ya mtu asiyelala. Hawakukumbatiana. Walisimama mlango mkubwa kama watu wawili waliokuja kupima nyumba.

"Anza," Kidoti akasema. "Usinionee huruma."

"Kibao cha maabara kiko juu mno. Anayeumwa anatembea ameinama."

"Endelea."

"Buluu ya kibao cha macho na buluu ya kibao cha meno, chini ya taa hizi ni rangi moja."

"Endelea."

"Neno 'Mapokezi' umelipamba. Mtu anayetapika hana muda wa mapambo."

Kidoti alikuwa anaandika mbio mbio, meno yameuma mdomo. Inauma, jamani. Lakini safari hii hakukuwa na wa kucheka, na kila neno lilikuwa linamfikisha mtu mahali.

Walipofika pale ngazini, Msumari akasimama.

"Sema."

"Hapa nilipaswa kusema. Hata kama ungeniacha."

"Ungesema, ningekuacha kwa siku mbili, halafu ningerudi."

"Sikulijua hilo."

"Hata mimi nilikuwa silijui."

Msumari akaegemea ukuta.

"Na ile siku ya ukuta... ile ya kukimbia na damu yangu, niliiandaa tangu asubuhi. Nilitaka watu wacheke."

"Asubuhi? Ukiwa unanimenyea chungwa?"

"Nikiwa nakumenyea chungwa."

"Mshenzi wewe!"

"Nisamehe."

Alimwangalia. Akamwangalia tena.

"Nimekusamehe. Ila tukubaliane. Neno lolote uniambie mimi kwanza, tukiwa wawili. Mimi nitanuna. Nikinuna usikimbie, na usinidanganye ili ninyamaze. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Naanza sasa hivi?"

"Bado lipo neno?"

"Kibao kipya unataka kukiweka wapi?"

"Hapa hapa, ila mshale nigeuze."

"Kisikae hapa kabisa. Kivuke ngazi, kining'inie katikati ya korido, mtu akione kutoka mbali akiwa anatembea mbele."

Kidoti alinuna. Alinuna kama dakika tano hivi, akazunguka, akaenda kusimama mlango mkubwa, akarudi. Msumari alikuwa bado yupo pale pale.

"Ni kweli," akasema. "Nishikie ngazi ya fundi."

Ijumaa watu sita wakaingia mlango mkubwa, na watu sita wakafika kliniki ya macho. Hakuna aliyegusa ngazi. Mwalimu alivua miwani, akaandika alama, akampa Kidoti mkono bila neno, na kwa waliomjua Mwalimu yule, huo ulikuwa ni wimbo na ngoma. Kidoti akatafuta ukuta wa kuegemea. Alilia hadi muuguzi akamletea kikombe cha maji.

Msumari, aliyekuwa amesimama kando, akampokea kikombe kile na kukishika, hajui akiweke wapi.

"Kidoti, unaonaje nikikuoa?"

Binti akanyanyua uso.

"Umesema nini?"

"Nimesema... nikuoe. Ukikubali."

Kidoti akajifuta macho kwa utaratibu, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono, akamkagua kuanzia viatu hadi nywele kama kazi iliyobandikwa.

"Umesema haraka. Umeangalia kikombe, hukuniangalia mimi. Halafu umesimama mbele ya mlango wa choo."

Msumari akageuka. Kweli, choo cha wanaume.

"Nirudie?"

"Rudia."

Akaweka kikombe chini. Akahama mlangoni. Akamshika mikono yote miwili, akamtazama machoni, na akalisema tena taratibu, neno kwa neno.

"Hapo sawa," Kidoti akasema. "Nimekubali."